Somo: Kuwasha taa bila waya kwa koili mbili na betri moja

Somo hili linahusu kupitisha umeme hewani kwa umbali wa vidole vichache, na vifaa vyake hupatikana katika karakana ya fundi yeyote wa redio hapa Mombasa. Nimeliandika kwa sababu wateja wangu wa Mwembe Tayari hawachoki kunionyesha video za mtu anayechaji simu kwa umeme uliotegwa hewani. Atakayetengeneza koili hizi (waya uliozungushwa mara nyingi kama pete) na kuzipima kwa rula yake mwenyewe hatadanganyika kwa urahisi.

Tayarisha waya mwembamba wa shaba wenye vanishi (mota ya pangaboi lililoungua ina waya zaidi ya utakaohitaji), transista ya 2N2222 (swichi ndogo ya kielektroniki yenye miguu mitatu: kolekta, besi na emita), rezista (kipunguza umeme) ya ohm 1,000, taa nyekundu ya LED na betri ya volti 1.5.

Hatua ya kwanza ni koili ya kutuma. Chukua kopo lenye kipenyo cha sentimita 7 hivi, uzungushe waya mara 15, uvute kitanzi kirefu nje bila kuukata, kisha uendelee mara 15 nyingine kwa mwelekeo ule ule. Ukigeuza mwelekeo baada ya kitanzi, kazi yote imeharibika. Koili ya kupokea ni rahisi zaidi: mizunguko 30 mfululizo, na ncha zake mbili ziunganishwe na miguu ya taa, upande wowote.

Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Vanishi haionekani, lakini haipitishi umeme, kwa hiyo kila ncha, na kile kitanzi cha katikati pia, sharti isuguliwe kwa msasa mpaka shaba ing'ae. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa tangu magharibi hadi usiku wa manane nikiilaumu transista, kumbe kitanzi nilikisugua upande mmoja tu. Lehemu siku hiyo hiyo, maana kwa hewa yetu ya chumvi shaba iliyo wazi haikawii kuota kutu ya kijani.

Hatua ya tatu: kitanzi kiende kwenye chanya ya betri, ncha moja ya koili ya kutuma kwenye kolekta, ncha ya pili ipitie rezista hadi kwenye besi, na emita irudi kwenye hasi. Hakikisha miguu kwa mita kabla ya kulehemu, kwani PN2222A na P2N2222A, matoleo mawili ya transista hii, hufanana kwa sura ilhali kolekta na emita zao zimebadilishana nafasi.

Sasa sogeza koili ya pili juu ya ya kwanza, nayo taa itawaka. Transista inajiwasha na kujizima maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo uga wa sumaku unapanda na kushuka bila kutulia, na uga unaobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu, kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Mizunguko ya kupokea huongeza volti kiasi cha kuitosheleza taa ambayo betri peke yake isingeiwasha.

Lete rula. Koili zikigusana mwanga ni mkali. Inua polepole, na kabla hujafika mbali taa itazimika. Ukishatoka mbali kuliko upana wa koili, kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu ya uga hushuka hadi karibu thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Watafiti wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani waliwasha balbu ya wati 60 kutoka umbali wa zaidi ya mita 2 mwaka 2007, lakini kwa koili zenye kipenyo cha sentimita 60 zilizolinganishwa masafa ya mtetemo (frequency), na hata hivyo zaidi ya nusu ya nishati ilipotea njiani.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisauni: Assalaam aleykum, fundi. Mnara wa redio uko karibu na kwetu. Je, siwezi kuvuna mawimbi yake nikachaji simu?

Jibu: Waaleykum salaam. Tupige hesabu, ndugu yangu. Mnara wa wati 10,000 ukitawanya nguvu yake sawasawa pande zote, umbali wa kilomita moja kila mita ya mraba hupata chini ya miliwati 1, na simu hutaka wati 5 hivi. Jua la adhuhuri hutoa karibu wati 1,000 kwa eneo hilo hilo. Nunua sola ndogo. Mawimbi hayo hutosha redio ya fuwele (crystal radio) isiyo na betri, unayoisikiliza kwa kifaa cha sikioni.

Mwanachama wa Likoni: Kadi ya benki ya kugusisha haina betri. Inapata wapi nguvu?

Jibu: Ndani yake mna koili, dada. Mashine hutoa uga wa megahezi 13.56, yaani unaobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde, na kadi ikikaribia huvuna kiasi cha kuiamsha chipu yake. Ndiyo sababu haisomeki ukiwa hatua mbili nyuma.

Mwanachama wa Changamwe: Je, nikitandaza koili kubwa chini ya nyaya za umeme mkubwa?

Jibu: Huo ni wizi wa umeme, kaka, hata kama hukugusa waya. Tena umeme wa nyaya hizo hubadilika mara 50 tu kwa sekunde, kwa hiyo ungehitaji shaba nyingi mno kwa faida ndogo, na hapo sijataja hatari ya kuuawa. Shaba hiyo ilete karakanani, tuna pangaboi za kusuka.