Wiki ya kwanza maabara: zoeza mkono kabla ya kugusa sampuli

Mwongozo huu ni wa anayeanza kwenye maabara ya utafiti wa baiolojia au biokemia. Wengi hukimbilia jaribio siku ya pili, kisha hupoteza mwezi mzima wakitafuta kosa ambalo kumbe lilikuwa kwenye kidole gumba.

Hatua ya 1: Zunguka mikono mitupu

Kabla ya mashine yoyote, omba uonyeshwe bomba la kuoshea macho, bomba la mvua la dharura, kizimamoto na mlango wa kutokea. Kisha toka nje, uingie tena, uvifikie bila kuongozwa. Kemikali ikikurukia machoni utapaswa kuyasuuza kwa dakika 15 mfululizo, na utafika hapo kwa kupapasa. Ukikuta boksi limeachwa kwenye njia hiyo, liondoe au uripoti papo hapo.

Vaa viatu vilivyofunika mguu wote, koti, na miwani ya kinga. Glovu zivue kabla ya kushika kitasa cha mlango au simu. Anayekuja nyuma yako atashika kitasa hicho mikono mitupu.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Andika kwa kalamu ya wino, tarehe juu, na uandike wakati unafanya, si jioni. Ukikosea, piga mstari mmoja ili maandishi ya chini yasomeke. Nakili namba ya toleo iliyo kwenye chupa ya kemikali: matokeo yakibadilika ghafla, mara nyingi utagundua kwamba chupa mpya ilifunguliwa wiki hiyo.

Hatua ya 3: Pipeti, nusu siku nzima

Hapa usione haraka. Chukua mikropipeti (kifaa cha mkononi cha kuvuta na kumimina kimiminika kidogo sana) ya mikrolita 20 hadi 200, iweke kwenye 100. Usizungushe kupita kipimo chake cha juu, utaiharibu.

Kitufe kina vituo viwili. Bonyeza hadi cha kwanza ukiwa bado hewani, zamisha ncha (kijibomba cha plastiki kinachovikwa mwishoni mwa pipeti) kwenye kimiminika milimita 2 au 3 tu, kisha achia polepole na usubiri sekunde moja kabla ya kuitoa. Wakati wa kumimina, gusisha ncha kwenye ukuta wa tyubu, bonyeza hadi kituo cha kwanza, halafu cha pili ili tone la mwisho litoke. Anayebonyeza hadi cha pili wakati wa kuvuta huchukua kimiminika kupita kiasi. Anayeachia kitufe kwa kishindo hurusha kimiminika ndani ya mwili wa pipeti, na hilo hutokea pia ukiilaza wakati ncha ina kitu.

Sasa jipime. Weka kichombo kidogo kwenye mizani nyeti, irudishe kwenye sifuri, mimina mikrolita 100 za maji yaliyokenekwa, andika uzito. Rudia mara 10. Kwa nyuzijoto 20 kila pigo liwe karibu na gramu 0.0998. Namba zikitawanyika, mara 0.094, mara 0.103, tatizo ni mkono wako. Zikikaa pamoja lakini zote zikawa chini, tuseme 0.095, angalia kama ncha imekaza vizuri. Ikiwa imekaza, pipeti yenyewe inahitaji kurekebishwa. Mwambie msimamizi.

Hatua ya 4: Sentrifuji na lebo

Sentrifuji ni mashine inayozungusha tyubu kwa kasi ili kutenganisha vilivyomo. Kila tyubu iwe na mwenzake wa uzito uleule upande wa pili kabisa. Ukiwa na moja tu, jaza nyingine maji hadi mizani ikubali. Usiondoke kabla mashine haijafikia kasi yake. Ikitetemeka au kunguruma, izime.

Lebo iende ubavuni mwa tyubu, kwani vifuniko hubadilishana. Ethanoli hufuta wino wa kalamu nyingi, kwa hiyo jaribu yako kwanza. Andika jina lako, kilichomo, ukolezi na tarehe. “Sampuli 3” haimwambii mtu kitu baada ya mwezi kwenye friza.

Hatua ya 5: Jaribio la kwanza liwe lenye jibu linalojulikana

Rudia jaribio ambalo wenzako wamelifanya mara nyingi, ukiweka kidhibiti chanya (sampuli inayojulikana kwamba itatoa matokeo) na kidhibiti hasi (isiyopaswa kutoa matokeo). Kidhibiti hasi kikitoa matokeo, kuna uchafuzi: badilisha maji kwanza, peke yake, kisha urudie. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kichafu.