Namna ya Kusoma na Kutumia Kadi Zisizo za Kawaida katika Strat-O-Matic

Strat-O-Matic ni mchezo wa besiboli wa mezani ulioanzishwa na Hal Richman nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kila kadi yake hutokana na takwimu za mchezaji kwa msimu mmoja. Kadi nyingi hukaribiana. Zile chache zinazoshangaza zinafaa kuhesabiwa kabla ya kuchezewa, kwa kuwa safu iliyojaa mapigo salama (yale yanayomfikisha mpigaji kwenye besi, yaani kituo cha uwanjani, bila kutolewa) hulaghai macho upesi.

Hesabu yenyewe huanzia kwenye madadu. Dadu la kwanza huchagua safu: 1 hadi 3 zimo katika kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 katika kadi ya mrushaji. Jumla ya madadu mengine mawili huchagua mstari, na mistari haina uzito sawa, maana 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36, ilhali 2 na 12 zina njia moja moja tu. Safu moja basi ina nafasi 36, na kadi nzima 108. Mstari ukidai dadu la pande 20, gawanya nafasi zake: mstari wa 7 wenye pigo salama kwa 1 hadi 12 una nafasi 3.6 za pigo hilo.

Sasa mchukulie Barry Bonds wa mwaka 2004, aliyepewa besi za bure 232 (yaani kuruhusiwa kwenda kwenye besi bila kupiga, kwa sababu mrushaji amerusha mipira mibaya minne) na kufika kwenye besi kwa kiwango cha .609, yaani asilimia 60.9 ya zamu zake za kupiga. Kadi mbili kwa pamoja zina nafasi 216, na .609 ya hizo ni 132 hivi. Tukikadiria kwamba kadi ya mrushaji wa kawaida humfikisha mpigaji kwenye besi kwa nafasi 36 kati ya 108 zake, kadi ya kurudia kiwango hicho lazima imfikishe mpigaji kwenye besi mara 96 hivi kati ya 108. Zinabaki nafasi 12 tu za kumtoa.

John Paciorek ni mgumu zaidi. Katika mechi yake pekee ya ligi kuu, akiwa na timu ya Houston tarehe 29 Septemba 1963, alipata mapigo salama 3 na besi za bure 2, na hakutolewa hata mara moja. Hata ukimjazia nafasi zote 108, ukijumlisha 36 za mrushaji unapata 144 kati ya 216, yaani theluthi mbili; hakuna kadi ya mpigaji inayoweza kufikia ukamilifu wake.

Ukitaka kumtengenezea kadi ya kuchezwa msimu mzima, changanya zamu zake 5 na zamu 60 za mpigaji wa kawaida anayefika kwenye besi mara 20. Utapata 25 kati ya 65, na kadi yake itahitaji nafasi 47 hivi. Mimi napendelea kuiacha kadi ilivyo na kuiwekea kikomo cha zamu alizocheza kweli, kwa sababu ajabu yake ndiyo historia yake. Kikomo hicho humfaa pia Bob Hazle, aliyepiga .403 (pigo salama katika asilimia 40.3 ya majaribio yake) katika mechi 41 za Milwaukee mwaka 1957: mpe mechi hizo 41, si 154 za msimu mzima wa wakati huo. Kubalianeni na mpinzani wako kabla ya dadu la kwanza kurushwa, kisha andikeni kila zamu kwenye karatasi ya matokeo.