Kabla hujamrushia mtu nukuu kuhusu Mungu, isome hivi

Usiku wa kuamkia Ijumaa moja mdogo wangu alituma maneno matatu na jina moja kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Dini ni kasumba. Marx." Kufika asubuhi baba mkubwa alikuwa ameshajitoa kwenye kundi, shangazi analia, mama kazima simu. Ilipita miezi minne kabla mdogo wangu na baba mkubwa hawajakaa tena jamvi moja. Mimi nafundisha fasihi sekondari, hapa Tanga. Kazi yangu ni kuwauliza watoto: nani kasema, wapi, kwa nini. Siku ile nilitambua kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuisoma nzima sentensi hiyo ya Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani. Hata mimi sikuwa nimeisoma.

Tangu hapo, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakaa barazani kwangu baada ya alasiri. Huja baba mkubwa, mdogo wangu ambaye haamini tena, jirani yetu katekista mstaafu, muuguzi mmoja, fundi cherehani, na vijana wawili wa kidato cha sita. Tunasoma walichosema watu wenye akili kuhusu kuamini na kutoamini. Naeleza hapa tunavyofanya, ili nawe uweze kuanzisha kwenu.

Nunua daftari la kaunta. Gawa ukurasa vyumba vitano: nani kasema, kaandika wapi, mwaka gani, ndani ya maandishi hayo anayezungumza ni nani, na chumba cha mwisho, kipana kuliko vyote, sentensi iliyotangulia na sentensi inayofuata. Nukuu yoyote ambayo chumba chake cha tano ni kitupu haijadiliwi. Hii ndiyo sheria yetu kubwa, na nimeishikilia hata pale watu walipoona nawachelewesha.

Baba mkubwa ndiye aliyetufafanulia vizuri zaidi kwa nini. Alisema: chukua shahada, "hapana mola ila Mwenyezi Mungu"; ukiishia nusu umesema "hapana mola." Maneno yaleyale ambayo Mwislamu hufa nayo mdomoni, ukiyakatiza katikati umepata kauli ya asiyeamini. Katekista akadakia kwamba hata kwake imo: Zaburi ya 14 ina maneno "Hakuna Mungu," yameandikwa waziwazi, ila yanatanguliwa na "Mpumbavu amesema moyoni." Tangu siku hiyo mtu akileta kipande, wenzake humuuliza, "Umeanzia wapi?"

Sasa turudi kwa Marx, maana ndiye aliyetugombanisha. Maandishi yale yalichapishwa Paris mwaka 1844, akiwa na miaka 25, kama utangulizi wa uhakiki wake wa falsafa ya sheria ya Hegel, mwanafalsafa mwenzake wa Kijerumani. Jaza chumba cha tano uone. Kabla ya sentensi ile maarufu anasema mateso ya kidini ni kielelezo cha mateso ya kweli, na wakati huohuo ni upinzani dhidi ya mateso hayo. Anaiita dini mshusho wa pumzi wa kiumbe aliyeonewa, moyo wa dunia isiyo na moyo. Ndipo anasema ni afyuni ya watu. Zama hizo Ulaya afyuni iliuzwa dukani kama dawa ya maumivu. Mwenye jino na mwenye kikohozi wote waliinunua. Kisha soma na kinachofuata, usimpambe: anataka furaha hiyo ya kufikirika iondolewe ili watu wadai furaha ya kweli. Kwa hiyo Marx hakuwa anaitetea dini. Lakini hakuwa anamtukana anayesali. Alikuwa anamtazama mtu mwenye maumivu na kuuliza nani kamuumiza.

Halafu kuna neno lenyewe. Kamusi itakuambia kasumba ni afyuni. Lakini mtu wa umri wa baba mkubwa, aliyekulia kwenye mikutano ya Azimio la Arusha, akisikia "kasumba" anasikia kasumba za kikoloni, yaani mawazo ya mtawala yaliyopandikizwa kichwani mwa mtawaliwa. Marx alisema dawa ya maumivu. Baba mkubwa alisoma kwamba sala zake tangu utotoni ni ujinga aliopachikwa. Muuguzi wetu alilishika jambo hili haraka kuliko sote, maana wodini ameona wagonjwa wakipewa mofini, na anajua hakuna anayemdharau mgonjwa kwa kuihitaji. Kwa hiyo ukisoma tafsiri, simama kwenye lile neno moja linalochoma na uulize lilikuwa na maana gani siku lilipoandikwa, na lina maana gani kwa huyu aliye mbele yako.

Chumba cha nne, kile cha anayezungumza, kina faida yake. "Mungu amekufa" kila mtu humpa Nietzsche, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, na kweli imo katika kitabu chake cha mwaka 1882, kifungu cha 125. Ila pale anayesema ni mwendawazimu aliyewasha kandili asubuhi kweupe, akakimbilia sokoni akipiga kelele, "Namtafuta Mungu!" Na waliosimama sokoni wakimcheka ni akina nani? Si mapadri. Ni watu wasioamini. Wanamuuliza kama Mungu kapotea kama mtoto, au kajificha, au kapanda meli kahama. Yeye anawakazia macho na kuwaambia: tumemuua, ninyi na mimi. Anauliza nani atatufuta damu hii. Mwisho anaitupa kandili chini, inavunjika na kuzimika, anasema amekuja mapema mno. Baba mkubwa alipomaliza kukisoma kwa sauti alinyamaza kidogo, kisha akasema huyu mtu hakuwa anashangilia. Nakubaliana naye. Nietzsche hakuamini, lakini kifungu kile kinawakemea kwanza wale walioacha kuamini bila kujiuliza kitakachofuata.

Vivyo hivyo na ile ya "bila Mungu kila kitu ni ruhusa." Wazo hilo ni la Ivan, mhusika katika riwaya ya Mrusi Dostoevsky kuhusu ndugu wa ukoo wa Karamazov, iliyokamilika mwaka 1880. Dostoevsky mwenyewe alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Kumbebesha mwandishi maneno ya mhusika ni kosa ninalolikata maksi darasani kila muhula, na watu wazima wanalifanya kila siku.

Nukuu nyingine zimepewa baba asiye wao, au baba wawili. Kuna ile inayosema watu wa kawaida huiona dini kuwa kweli, wenye hekima huiona uongo, watawala huiona yafaa; hupachikwa jina la Seneca wa Roma. Anayestahili ni Edward Gibbon, Mwingereza, katika historia yake ya Dola la Roma, juzuu ya kwanza ya mwaka 1776, na alikuwa anazungumzia ibada nyingi za Warumi wa kale, si dini zote za dunia. Ile ya wamisionari waliotuachia Biblia wakabaki na ardhi mara ni ya Kenyatta, mara ni ya Askofu Desmond Tutu. Nukuu yenye baba wawili iandike ukurasa wa nyuma wa daftari, na usimpige nayo mtu hoja.

Jambo la majina lishughulikieni mapema, kikao cha kwanza kama inawezekana. Sisi tulichelewa. Nilikuwa nikisema "wakanamungu," kama kamusi inavyosema, mpaka mdogo wangu akaniambia, "Dada, mimi sikani. Petro ndiye aliyekana, maana alikuwa anamjua. Mimi sijashawishika." Nilikaa na neno lile wiki nzima. Kukana kwetu ni kukataa unachokijua, kama mtu anavyokana deni. Neno "kafiri" nalo lina uzito wake wa kisheria katika Uislamu, na "mpagani" lilitumiwa kuwasema babu zetu ambao waliamini mengi. Sasa kila mtu anajichagulia jina lake, na mdogo wangu amechagua "asiyeamini." Siku hiyo katekista alitusomea kisa cha Polikarpo, askofu mzee wa Smyrna, katika Uturuki ya leo, karne ya 2. Wakristo wakati ule waliitwa wasio na mungu, kwa kuwa hawakuiabudu miungu ya Dola. Gavana alimwambia mzee yule aseme "Waangamie wasio na mungu" apate kuachiwa. Polikarpo akauangalia umati uliojaa uwanjani, akaupungia mkono, akatazama juu na kuugua, ndipo akasema: "Waangamie wasio na mungu." Akauawa. Vijana wa kidato cha sita hawakuwa wanajua kwamba jina lile liliwahi kuwaangukia Wakristo.

Ukitaka kikao kitakachowakaa watu moyoni, soma Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu namna wasomi wa Magharibi walivyoziandika dini za Kiafrika. Anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliyewaumba? Lugha yao haikuwa na kuumba kwa maana ile, kwa hiyo swali likawafikia kama: nani aliyewafinyanga? Kwa wazee mtu huzaliwa na mama yake, basi wakajibu kwamba hawajui. Mapadri hawakuridhika, wakasisitiza. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo hupinda akapoteza umbo lake, na anayewafinyanga watu hivyo ni Rubanga. Basi jibu likawa Rubanga. Na jina hilo, la nguvu iliyowapinda watu migongo, likachukuliwa kumhubiria Mungu mwema.

Fundi cherehani aliniomba nisome tena kisa kile. Kisha akauliza swali bora kuliko yote tuliyowahi kuulizwa pale barazani: kama swali lenyewe halikufika, jibu lilikuwa la nini? Sisi neno "kuumba" tumelizoea, na "umbo" limo ndani yake, hivyo swali la mapadri kwetu linaonekana jepesi. Weka kitabu hicho kando ya kile cha John Mbiti, mwanateolojia wa Kitui, Kenya, cha mwaka 1969, ambaye anaanza kwa kusema Waafrika ni watu wa dini mno. Okot aliona wasomi, Waafrika wakiwemo, wanaivalisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki ili ifanane na ya wamisionari. Mimi namheshimu sana Mbiti, lakini kwa kisa cha Rubanga naona Okot ana haki ya kusikilizwa kwanza.

Usiwapange waandishi safu mbili zinazotazamana. Rafu ya shaka ina waumini wengi. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, ameandika mwenyewe kwamba alipitia takriban miezi miwili ambapo hakuwa na hakika ya chochote, hata ya macho yake. Na baadaye, mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu Baghdad, ulimi wake ulifungika mbele ya wanafunzi, akashindwa kutamka hata neno moja, chakula hakipiti, mpaka akaondoka mjini. Naye Al-Ma'arri, mshairi kipofu wa Sham aliyezaliwa mwaka 973, alitunga kwamba watu wa duniani ni wa aina mbili, wenye akili bila dini na wenye dini bila akili. Aliyedhani shaka imeletwa na Wazungu akae na wawili hawa jioni moja.

Kuhusu kikao chenyewe: ukurasa mmoja tu, uliotolewa kopi. Simu zikae kwenye kikapu. Anayepinga ndiye asome kwa sauti, kwa hiyo baba mkubwa husoma Nietzsche na mdogo wangu husoma Ghazali. Kusoma kwa kinywa chako maneno usiyoyakubali kunakulazimisha uyatafutie pumzi. Adhana ya magharibi hutufungia, hata kama tuko katikati.

Kabla ya kujibu hoja ya mtu, ieleze upya mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, ndivyo nisemavyo." Hapa usiharakishe, na usimsaidie anayeeleza. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya baba mkubwa kueleza kwa nini mdogo wangu haamini. Mara ya kwanza akasema ni ujana na vitabu. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Mara ya pili akasema ni hasira, kwa sababu mdogo wangu alifiwa na mtoto. Mdogo wangu akasema, "Baba, hapo umekaribia, lakini hasira si jibu." Baba mkubwa akavua kofia, akaipangusa, akakaa kimya muda mrefu hata chai ikapoa. Kisha akasema: "Huyu aliomba kwa moyo wote, akasikiliza kwa moyo wote, hakusikia kitu, na anaona kusema amesikia kungekuwa uongo." Mdogo wangu akasema, "Ndiyo, ndivyo nisemavyo."

Niliyaandika kwenye daftari kama yalivyotamkwa. Mdogo wangu akatia sahihi chini yake.