Kabla Akili Mnemba Haijafika Mezani Kwako: Mambo ya Kuandaa Mapema

Ofisi nyingi hazitangazi siku ambayo akili mnemba inaanza kazi. Inaingia kidogo kidogo. Leo barua pepe inakupendekezea majibu, kesho jedwali la hesabu limeongezwa kitufe cha kufupisha ripoti, keshokutwa bosi anasema barua zote za wateja zianzie kwenye programu. ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika kama mtu, ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na tangu hapo kampuni za programu zimekuwa zikiingiza uwezo kama huo ndani ya vitu tulivyokuwa tukivitumia kila siku. Anayesubiri kuitwa kwenye kikao ndipo ajiandae atachelewa. Nawaandikia hasa makarani wa hesabu, maofisa wa huduma kwa wateja, makatibu muhtasi na vijana walio fildi, kwa sababu kazi zao ndizo zinazoguswa mwanzo.

Hofu tuiweke mahali pake. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, alisema watu waache kuwasomesha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwamba ndani ya miaka mitano mashine ingewapita. Hinton si mtu wa kubeza, mwaka 2024 alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Lakini madaktari hao wapo kazini hadi leo na hospitali bado zinawatafuta. Kusoma picha ni sehemu tu ya kazi yao. Kuna kuamua mgonjwa apigwe picha gani, kuzungumza na daktari mwenzake, na kuweka jina lake chini ya majibu. Ninavyoamini mimi, thamani ya mfanyakazi miaka ijayo itakaa hapo: kwa mtu anayeweza kuikagua kazi ya mashine, kuikataa ikibidi, na kusimama mbele ya mteja au mkaguzi akaitolea maelezo.

Huwezi kukagua kazi usiyoijua. Kwa hiyo la kwanza kabisa ni kuijua kazi yako mpaka chini, stoo, dukani, kwa watu.

Tuseme unatunza hesabu za duka la jumla la mazao Dar es Salaam. Fuso imeshusha magunia 40 ya viazi kutoka Njombe. Karani anaandika magunia 40, programu inazidisha kwa kilo 100, inapata kilo 4,000. Duka linauza kwa kilo. Mwisho wa wiki mauzo yanaonyesha kilo 4,300, na stoo bado kuna magunia mawili. Programu inaandika ripoti safi, sentensi zimenyooka: mauzo yamezidi mzigo ulioingia kwa kilo 300, huenda kuna risiti zilizoingizwa mara mbili, inapendekezwa zifutwe.

Hesabu ya kuzidisha haina kosa. Lakini kijana aliyewahi kusimama pale fuso inaposhusha anajua yale magunia yalikuwa lumbesa, yamejazwa kupita kipimo na kushonewa kichwa juu. Lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo wanaifuatilia, lakini mzigo umefika hivyo hivyo. Anakwenda stoo, anaweka gunia mojawapo kwenye mzani: kilo 115. Mara 40 ni kilo 4,600. Toa 4,300 zilizouzwa, toa 230 zilizobaki, zinabaki 70, na mtunza stoo anamwambia hizo zilioza zikatupwa. Mzigo wote umepatikana. Angekubali pendekezo la programu angefuta mauzo halali ambayo risiti zake za EFD zimeshatoka na taarifa zimeshafika TRA. Vitabu vingesema hivi, mashine ya risiti ingesema vile, na ofisa wa kodi akija hatauliza programu, atamuuliza yeye.

Ujuzi huo haufundishwi kwa video. Kabla programu haijaja, tafuta siku za kwenda mahali namba zako zinakotoka. Kama unaandika ripoti za ghala, nenda ghalani. Kama unajibu malalamiko ya umeme au maji, fuatana na mafundi. Kama unapanga safari za bodaboda za mizigo, jua kwamba anwani ya mteja ni "kituo cha pili baada ya sheli, geti jeusi, ukifika piga simu," na jua kwa nini inakuwa hivyo.

Jambo la pili linanisumbua zaidi kuliko yote, nalo ni ujuzi kufifia. Mwaka 2025 jarida la Lancet Gastroenterology & Hepatology lilichapisha utafiti kutoka vituo vinne vya Poland. Uliwahusu madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera, wakitafuta vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani. Kabla ya akili mnemba kuanza kutumika vituoni hapo, walikuwa wakivikuta kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Baada ya kuizoea kwa miezi kadhaa, walipofanya uchunguzi bila msaada wake kiwango kilishuka hadi asilimia 22.4. Hawa ni madaktari wazoefu. Marubani nao tatizo hili wanalijua siku nyingi, na mwaka 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliyahimiza mashirika ya ndege yawape marubani nafasi ya kurusha kwa mikono ili wasisahau.

Ofisini tiba yake ni ya kawaida: panga kazi ambazo utaendelea kuzifanya mwenyewe kwa zamu. Usuluhishi mmoja wa benki kila mwezi, yaani kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki, ufanye mstari kwa mstari. Barua moja ngumu kwa wiki, iandike tangu salamu hadi saini. Muhtasari wa kikao, andika wako kwanza kisha ulinganishe na wa programu, uone nani kaacha nini. Utaudhika mwanzoni, kwa sababu mashine itamaliza kabla hujafungua kalamu. Endelea hivyo hivyo.

Na hapa niseme na wakubwa wa kazi. Kijana wa fildi zamani alijifunza kwa kupewa kazi ndogo ndogo zenye kuchosha: kupanga risiti, kuandika rasimu ya barua, kujibu simu za kwanza. Ndizo hizo hizo ambazo programu inazichukua mapema. Mkizitoa zote, baada ya miaka mitano mtatafuta mtu wa kukagua mashine na hamtampata, maana hakuna aliyepita njia ya kufika hapo. Kijana naye asingoje kuhurumiwa. Aombe kazi hizo kwa mdomo wake: "Bosi, naomba rasimu hii niiandike mimi, kisha unisahihishe." Kusahihishwa na mtu aliyekutangulia kuna faida ambayo jibu la haraka la programu halina. Anakwambia na sababu, tena sababu ya hapo hapo ofisini kwenu.

Tatu, jua nani atajibu. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Walipeleka mahakamani hoja yenye hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zimetungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa na roboti ya kujibu maswali kwenye tovuti yake maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Shirika lilitaka roboti ihesabiwe kuwa inajitegemea, baraza likakataa. Basi jizoeze tabia hii kabla ya kuihitaji: kila tarehe, kifungu cha sheria, bei na jina la mtu lililoletwa na programu, lifungue mahali pengine kwa macho yako. Kuiuliza programu ijihakiki yenyewe hakutoshi.

La siri nitalipita upesi, si kwa udogo wake, ila kwa sababu kanuni yake ni nyepesi kushika. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi kutumia programu hizi baada ya baadhi yao kubandika humo siri za kampuni. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya NIDA ya mteja, mshahara wa mwenzako, majibu ya hospitali: usibandike popote ambapo kazini kwako hapajaruhusiwa.

Sasa watu. Kampuni ya malipo ya Klarna ya Sweden ilitangaza mapema 2024 kwamba roboti yake ya kujibu wateja inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkuu wake alikiri ubora ulishuka, wakaanza tena kuajiri watu ili mteja akitaka binadamu ampate. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu biashara zetu zinasimama juu ya kujuana. Mteja wa miaka mingi amechelewa kulipa. Programu inaandaa barua: usipolipa ndani ya siku saba, hatua za kisheria zitachukuliwa. Mhudumu mwenye busara anaizuia barua, anapiga simu kwanza.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba, mwanangu."
"Habari za nyumbani?"
"Za nyumbani si nzuri. Tumefiwa, tumerudi juzi kutoka Moshi kuzika."
"Poleni sana, mzee wangu. Mungu awatie nguvu."

Deni halijatajwa bado, na si lazima litajwe siku hiyo. Mzee mwenyewe atalileta, waelewane alipe nusu mwisho wa mwezi na nusu unaofuata. Kuongea hivyo ni ujuzi wa kazi, sawa na kujua jedwali la hesabu, na unanolewa kwa kuutumia. Jitolee kupokea simu za wateja wakali. Kaa na mtu mzima wa ofisi anayejua kutuliza ugomvi, msikilize anavyonyamaza, anavyouliza, anavyoomba radhi bila kujiingiza kwenye kosa lisilo lake.

Kiswahili cha programu nacho kikague kwa sauti. Mara nyingi sarufi iko sawa lakini hakuna mtu wa kwetu anayeongea vile, na mteja anahisi ameandikiwa na mgeni.

Mwisho, wiki moja kabla ya programu kuanza, omba kikao kifupi na msimamizi wako uende na maswali yaliyoandikwa. Ni kazi zipi zitaanzia kwenye programu na zipi haziguswi? Nani ana haki ya kurudisha rasimu ya mashine, na akirudisha anaandika wapi sababu? Kosa likifika kwa mteja, jina la nani liko chini? Kijana mpya atajifunzia wapi? Kisha omba jambo ambalo wengi hulisahau wanapopangiwa malengo mapya: muda wa kukagua uhesabiwe kuwa kazi. Ukiambiwa barua 20 kwa siku sasa ziwe 80 kwa sababu mashine ina kasi, uliza wazi hizo 80 zitasomwa na nani, saa ngapi, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.