Kurusha data kilomita 70 kwenye faiba: piga hesabu ya mwanga kwanza

Watu wengi wakitaka kuunganisha ofisi mbili zilizo mbali wanakimbilia moduli (kile kifaa kidogo cha kuchomeka kinachotuma na kupokea mwanga) iliyoandikwa 80 km, linki ikigoma lawama zote kwa fundi, wakati ile 80 ya kwenye boksi haijui njia yako ina viungo vingapi.

Tuseme ni Dar mpaka Bagamoyo, waya kilomita 70. Hesabu urefu wa waya wenyewe sio wa barabara, maana kila shimo kuna mizunguko ya akiba imeachwa humo. Soma karatasi ya moduli, mfano 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) ya 1550 nm (urefu wa wimbi la mwanga) inatuma kuanzia 0 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) na inapokea mpaka -24, kwa hiyo una 24 dB (kipimo cha mwanga unaoruhusiwa kupotea) za kutumia. Chukua ile namba ya chini ya kutuma, ya juu isikudanganye.

Sasa anza kutoa. Faiba inakula kama 0.2 dB kila kilomita, hiyo ni 14. Roli za kilomita 4 zinakupa splaisi (maungio ya faiba kwa faiba) 17, ongeza mbili za mwisho, weka 0.1 kila moja, 1.9. Konekta (vichwa vya kuchomeka) nne kwa 0.5 ni 2. Bakiza 3 za akiba maana waya utakatwa tu na greda siku moja na utaungwa tena. Jumla 20.9, inatosha. Ungetumia 1310 nm, faiba peke yake ingekula 0.35 kila kilomita, yaani 24.5, umeishia njiani.

Halafu kusafisha, hapa naomba sana tusikilizane. Njia ya mwanga ni maikromita 9, nyembamba kuliko unywele, vumbi moja tu linaziba. Niliwahi kukesha natafuta waya ulipokatika kumbe ni alama ya kidole kwenye konekta. Safisha, angalia kwa darubini, ndio uchomeke, kila mara, hata pachikodi (waya mfupi wa kuunganishia) mpya. Na konekta ya kijani usichomeke kwenye ya bluu.

Ukitaka kasi zaidi ya 10G, jua mwanga unatawanyika njiani, kasi ikipanda mara 10 uvumilivu unashuka mara 100 hivi, kwa hiyo 100G umbali huu tafuta moduli za kohirenti (zinazoweza kurekebisha huo mtawanyiko).

Na ukijaribu mezani kwa pachikodi fupi weka atenyueta (kipunguza mwanga) ya 15 dB, la sivyo unaunguza kipokezi kabla hujatoka ofisini.