Unafanya utafiti wa wazazi na elimu ya afya ya uzazi kwa vijana? Anza kwa kubadilisha swali

Kila ukikaribia mda wa kuandika proposali napata meseji za wadogo zangu walioko vyuoni, na kichwa cha utafiti ni kile kile, ushiriki wa wazazi katika kuwapa vijana elimu ya afya ya uzazi. Mada ni nzuri na inahitajika sana. Shida inaanzia kwenye dodoso, maana karibu wote wanaweka swali hili: "Je, umewahi kuzungumza na mtoto wako kuhusu kujamiiana? Ndiyo / Hapana". Mzazi anajibu hapana, mtafiti anajumlisha hapana zake, sura ya nne inaandikwa kwamba wazazi hawashiriki, basi, kazi imeisha. Na mimi data zangu za mwanzo zilikuwa hivo hivo na ilibidi nirudi uwandani upya, kwaiyo naandika hapa hatua zote nilizojifunza ili we usirudie.

Nilijifunzia Kisarawe, kwa mama mmoja ambaye aliniambia waziwazi hajawahi kuongea hayo na bintiye, aibu, mama na mtoto wanaongeaje hayo. Nikaweka tiki kwenye hapana, nikashukuru, nikafunga notibuku. Wakati ananisindikiza barabarani ndo akaanza kunisimulia kwamba binti alipovunja ungo alimpeleka kwa shangazi yake akakaa wiki mbili, na kabla ya hapo walikaa vikao viwili kuchagua nani awe somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, maana wa kwanza aliyependekezwa alikuwa na mdomo mchafu, afu akanunua doti ya khanga ya kumpa huyo somo. Sasa jiulize, huyu mzazi hajashiriki? Ametoa hela, amepanga mda, amemchagua mwalimu, amemkataa mwingine. Na fomu yangu inasema hapana.

Kwaiyo hatua ya kwanza kabla hata hujafungua kompyuta, kaa na uandike kwenye eneo lako mtoto anafundishwa na nani. Pwani na kusini kuna somo, kungwi, unyago na jando, kuna bibi, shangazi, mjomba, kuna madrasa na mafundisho ya kipaimara, na siku hizi kuna dada wa jirani anayefanya kazi dispensari. Mzazi anaweza kuwa nyuma ya hao wote bila yeye mwenyewe kufungua mdomo. Ukishaandika hiyo orodha, neno "ushiriki" kwenye kichwa chako cha utafiti lipe maana pana, kuongea ni kipande kimoja tu, kuna kumtuma mtoto kwa mtu, kuna kununua pedi na kuziweka mahali ataziona, kuna kumruhusu akae darasani mada ile ikifundishwa au kwenda kulalamika kwa mwalimu mkuu, kuna kumpeleka kituo cha afya. Supavaiza wako atataka nadharia, sawa mpe, modeli ya ikolojia ya mwanasaikolojia Bronfenbrenner inakaa vizuri hapa kwa sababu inamweka mtoto katikati ya familia, ukoo na jamii, lakini usianze na nadharia afu ndo utafute watu wa kuijaza.

Soma yaliyofanyika kwetu kwanza. Mwanza kuna kazi kubwa sana imefanywa na watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kuanzia majaribio ya MEMA kwa Vijana, mradi wa elimu ya afya ya uzazi, yaliyoanza 1998 shuleni na vituo vya afya, ambayo yaliongeza uelewa wa vijana lakini maambukizi ya virusi vya Ukimwi hayakupungua kama walivyotarajia, na hilo ndo liliwafanya watu wageuke kuangalia kilichoko nje ya shule, nyumbani na kwenye jamii. Mwaka 2010 Joyce Wamoyi na wenzake wakachapisha utafiti wa vijijini Mwanza kuhusu mazungumzo ya wazazi na watoto, walikaa huko wiki nane wakiishi na watu, na walichokuta ni kwamba wazazi wanaongea, ila mazungumzo mengi ni onyo, vitisho na fimbo, mama na binti zaidi kuliko baba na mtoto yeyote, na mara nyingi yanaanza kwa sababu mzazi kaona au kasikia kitu kibaya, mtoto wa jirani kapata mimba au mtu kafa kwa Ukimwi. Ukisoma hilo tu dodoso lako litabadilika lenyewe. Kwa takwimu za kitaifa tumia ripoti ya TDHS, ule utafiti wa kitaifa wa demografia na afya, ya 2022, ambayo inaonyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito, kwenye ile ya 2015-16 ilikuwa 27. Na ukitaja sera, itaje Ajenda ya Kitaifa ya Kuwekeza katika Afya na Maendeleo ya Vijana Balehe ya 2021/22 hadi 2024/25, na waraka wa mwaka 2021 ulioruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata mimba, kurudi shule, maana wazazi watautaja wenyewe hata usipouliza.

Haya, maswali sasa. Badala ya ndiyo na hapana, muombe mtu akusimulie tukio. Mimi natumia hili: "Mara ya mwisho kitu chochote kuhusu kukua, hedhi, wavulana, mimba au magonjwa kusemwa hapa nyumbani, ilikuwaje?" Afu unafuatilia, nani alianza, kilitokea nini mpaka likasemwa, mlikuwa wapi, yeye alijibu nini, nani mwingine alikuwepo. Mtu akisimulia tukio anasahau kujipamba, ila ukimuuliza "huwa unafanya nini" atakupa jibu la mzazi bora.

Na maneno jamani. Dodoso nyingi zinatungwa kwa Kiingereza afu zinatafsiriwa usiku mmoja kabla ya kwenda uwandani, unakuta limeandikwa "mahusiano ya kimapenzi yasiyo salama" na mama wa watu anakuangalia tu. Tumia maneno yao, mambo ya kikubwa, tabia mbaya, kuvunja ungo, kwenda mwezini, kuwa kwenye siku, kupevuka, kinga, kijiti, sindano. Wape watu watano au sita wa pale pale wakusomee dodoso na wakwambie kwa maneno yao kila swali limeuliza nini, halafu mtu mwingine ambaye hajaona la Kiingereza alirudishe kwenye Kiingereza ulinganishe.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho naona ndo roho ya utafiti huu wote. Ukihoji wazazi peke yao umepata nusu, ukihoji vijana peke yao umepata nusu, hoji mzazi na mtoto wake, kila mmoja peke yake, maswali yale yale, na uwape namba moja, mathalani 07A na 07B, bila majina. Kisha weka majibu yao pembeni kwa pembeni. Mfano mzuri ni neno "jichunge". Karibu kila mama atakwambia nilimwambia ajichunge. Muulize, ulimaanisha ajichunge vipi? Mmoja aliniambia nilimaanisha akishindwa kabisa atumie kinga. Nikaenda kwa binti yake, miaka 16, akasema ndio mama aliniambia nijichunge, ulielewa nini, akasema nisikae karibu na wavulana na nisipande bodaboda. Kinga haikuwahi kufika. Mama anaamini kafundisha, binti anaamini kaambiwa aogope, na wote wawili wanasema ukweli! Hapo kwenye hiyo nafasi kati ya kilichosemwa na kilichosikika ndo utafiti wako ulipo, na hakuna dodoso la upande mmoja litakalokuonyesha. Usimwambie mmoja alichosema mwenzie, hata kwa kudokeza, hata akikubembeleza, na atakubembeleza kweli.

Kuhusu sampuli, ile idadi ya watu 384 unayoiona kwenye kila tasnifu inatoka kwenye kanuni ya Cochran ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ukikadiria kwamba asilimia 50 ya watu wana kile unachopima, uhakika wa asilimia 95 na makosa ya asilimia 5, ni sawa kama unataka kupima kiasi gani. Kama swali lako ni kwa nini na kwa vipi, jozi 15 hadi 20 za mzazi na mtoto zilizohojiwa vizuri pamoja na vikundi vichache vya majadiliano zinatosha kwa masta. Kwenye vikundi usiwaulize habari zao, wape kisa. Mimi nilikuwa na kisa cha Rehema wa miaka 14 ambaye mama yake kakuta kondomu kwenye begi la shule, nauliza mama atafanya nini, baba akijua itakuwaje, Rehema alitamani aambiwe nini. Watu wanaongea mpaka jua linazama. Changanya kwa makini, wasichana peke yao, wavulana peke yao, kina mama peke yao na kina baba peke yao.

Kina baba ndo wagumu kupatikana, utafiti mwingi unaosema "wazazi" ukifungua ndani ni kina mama tupu. Usiende majumbani saa nne asubuhi utegemee kumkuta baba. Nenda kijiwe cha kahawa jioni, kaa siku mbili tatu bila kuuliza kitu, omba miadi, wengi watakubali Jumapili au baada ya swala ya alasiri. Epuka msimu wa kilimo na mavuno. Na mtu wa kuwahoji kina baba awe mwanaume kama unaweza kumpata, binti wa miaka 23 kumuuliza mzee wa miaka 55 mambo hayo unamtesa yeye na unajitesa mwenyewe.

Vibali anza mapema sana. Kwanza kamati ya maadili ya chuo, na kwa utafiti wa afya Bara kibali cha taifa kinatoka NIMR, Zanzibar ni ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko. Kisha barua zinateremka ngazi kwa ngazi, mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa. Mjumbe akupeleke nyumbani mara ya kwanza, akutambulishe, halafu aondoke, asikae kwenye mahojiano hata kama ni mtu mwema namna gani.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwaiyo unahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi na juu yake mtoto mwenyewe akubali. Mzazi akisema ndio na mtoto akisema hapana, ni hapana, unafunga begi. Mwambie mzazi toka mwanzo kwamba majibu ya mtoto hataletewa, ukilificha hilo utaingia kwenye ugomvi mbaya. Sauti ulizorekodi zifunge kwa neno la siri, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na hizi ni taarifa nyeti kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Utakutana na mtoto atakayekwambia kitu kizito. Binti wa miaka 15 ana mwanaume wa miaka 30, au mjomba anamsumbua usiku. Ule utafiti wa kitaifa wa 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, kwaiyo ukihoji mabinti ishirini usifikiri hutakutana naye. Usiahidi siri ya asilimia mia. Sema mwanzoni kabisa, "utakachoniambia nakitunza, isipokuwa nikiona uko hatarini nitatafuta mtu wa kukusaidia na nitakwambia kwanza". Kabla hujaanza kuhoji uwe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa kata, ujue dawati la jinsia na watoto liko kituo gani cha polisi, na uwe na 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Mimi nilikutana na mmoja siku ya tatu, sikuwa na namba hata moja, nilishinda nikihangaika huku yeye anasubiri nje ya ofisi iliyofungwa, na ile sura yake ninayo mpaka leo. Andika namba hizo nyuma ya kila dodoso.

Kwenye uchambuzi usikimbilie kutafsiri. Andika mahojiano yote kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, na vicheko, na pale mtu aliponyamaza, weka hata "mh" zake. Soma jozi moja moja mpaka mwisho kabla hujaanza kupanga mada, ukichanganya kina mama wote kwenye faili moja na mabinti wote kwenye lingine utazivunja jozi zako mwenyewe. Tafsiri ni kwa nukuu utakazoweka kwenye ripoti tu, na neno kama jichunge liache lilivyo ulieleze.

Ukimaliza rudi. Andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji au kikao cha wazazi shuleni, usitaje kisa chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Nilipofanya hivo kina mama hawakuuliza lolote kuhusu asilimia zangu, waliuliza tuanzeje, tuseme neno gani la kwanza. Kwaiyo nenda na nesi wa dispensari ya pale pale aweze kuwajibu, na nakala moja ya zile kurasa mbili mwachie mtendaji, nyingine mwalimu mkuu.