Kolesistektomi: anza kuisoma mkiani

Ukipewa karatasi ya opresheni ukakuta imeandikwa cholecystectomy, usiikimbize yote kwa pumzi moja, utakwama katikati kama nilivyokwama mimi mbele ya nesi hadi akaniangalia kwa huruma. Anza mkiani. Sema tomi, halafu tektomi, irudierudie mpaka ulimi ulainike, ndo uongeze sis, sistektomi, mwisho unabandika kole mbele: ko-le-sis-TEK-to-mi, silabi sita basi. Ile ch ya mwanzo isikuchanganye, haisomwi kama ya chai, ni k, neno lenyewe asili yake Kigiriki. Na mkazo unakaa kwenye TEK, hapo ndo wengi tunateleza maana Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili toka mwisho, utasikia mtu anasema kolesistekTOmi (siyo dhambi, daktari atakuelewa tu).

Ukishaikata hivyo hata maana inajitokeza, kole ni nyongo, sisti ni kifuko, ektomi ni kukata na kutoa, yaani wanatoa mfuko wa nyongo. Ila huo mkia uushike vizuri, manake ukisema kolesistostomi umeshabadilisha opresheni, hiyo ni kutoboa njia tu nyongo itoke nje, mfuko wenyewe unabaki humohumo. Na ujanja ni huohuo kwa ile ya kidole tumbo, tomi, dektomi, a-pen-DEK-to-mi, hiyo fupi hata mtoto wa la tatu anaiweza.